Deni la serikali na nyumba za umma Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtumishi anayefikiria nyumba ya Iyumbu au Nzuguni, mstaafu anayetaka kuweka kiinua mgongo kwenye hatifungani (karatasi ambayo serikali hukopea fedha kwa muda mrefu na kulipa riba), diwani anayeulizwa na wananchi kwa nini mradi umesimama, na yeyote anayesikia matrilioni yakisomwa bungeni akataka kujua yanamgusa wapi. Mahesabu yote yameonyeshwa ili uyarudie mwenyewe kwa tarakimu zako.

Deni la taifa na deni la serikali ni kitu kimoja?

Hapana, na magazeti huyachanganya kila siku. Deni la serikali ni lile ambalo Hazina ndiyo inayodaiwa, la ndani na la nje. Deni la taifa linabeba hilo pamoja na mikopo ambayo kampuni binafsi zimechukua nje ya nchi. Kwa hiyo ukiona tarakimu mbili zinazopishana kwa matrilioni katika mwezi mmoja, usidhani mmoja kadanganya. Angalia kwanza wanazungumzia deni lipi.

Hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ilitaja deni la serikali la shilingi trilioni 107.70 hadi Machi 2025: trilioni 72.94 za nje na trilioni 34.76 za ndani. Sehemu kubwa ya deni la nje iko katika dola ya Marekani. Ndiyo maana shilingi ikishuka thamani, deni lililoandikwa kwa shilingi hupanda hata kama hakuna mkopo mpya uliosainiwa.

Nani mwenye ruhusa ya kukopa kwa niaba ya nchi?

Waziri wa Fedha peke yake, chini ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura 134. Waziri mwingine, katibu mkuu au mkuu wa shirika hana mamlaka hayo. Ibara ya 141 ya Katiba inasema Deni la Taifa linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Maana yake kwa vitendo ni kwamba malipo ya deni hutoka kwenye kodi kabla ya matumizi mengine. Makusanyo yakipungua, kinachokatwa ni fedha za maendeleo, na nyumba ziko humo. Riba hailali.

Je, deni limeshakuwa kubwa kupita kiasi?

Kipimo kinachotumika si jumla ya trilioni. Ni thamani ya sasa ya deni, yaani malipo yote yajayo yakihesabiwa kwa thamani yake ya leo, ikilinganishwa na pato la taifa, na ukomo wake kwa nchi ya kundi letu, lenye uwezo wa kati wa kubeba deni, ni asilimia 55. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimejiwekea ukomo mkali zaidi wa asilimia 50. Tathmini iliyosomwa bungeni Juni 2025 ilionyesha asilimia 40.3. Kwa kipimo hicho deni ni himilivu.

Lakini himilivu maana yake ni kwamba nchi inaweza kulipa. Haisemi mkopo ulitumika vizuri, wala haisemi nini kimeachwa ili marejesho yalipwe. Kwa msomaji wa Dodoma anayengoja nyumba, kipimo chenye maana zaidi ni kile cha marejesho ya deni la nje dhidi ya mapato ya ndani, ambacho ukomo wake ni asilimia 18. Hicho ndicho kinachoonyesha ni kiasi gani cha kodi kimeshaondoka kabla mtu hajafungua kitabu cha bajeti. Tanzania ilishawahi kufika pabaya: madeni mengi ya nje yalifutwa baada ya kukamilisha mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa Novemba 2001, kisha kukawa na msamaha mwingine mwaka 2006. Msamaha wa namna hiyo usiutegemee tena, kwa sababu sehemu ya wadai wa leo ni benki za biashara.

Fedha ya kujenga nyumba za umma hutoka wapi hasa?

Inategemea nani anajenga, na hapa ndipo watu wengi hupotea kwa kudhani kila nyumba yenye kibao cha taasisi ya umma imejengwa kwa bajeti.

Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ulioanzishwa mwaka 2002, hujenga nyumba za watumishi na majengo ya serikali. Mradi wake mkubwa Dodoma ni ule wa Nzuguni, uliopangwa kufikia nyumba 3,500. Fedha zake kwa sehemu kubwa hupitia fungu la maendeleo la wizara inayosimamia ujenzi, na huongezewa na kodi ya pango na mauzo. Bunge likipitisha shilingi bilioni 10, haina maana bilioni 10 zipo. Hazina hutoa fedha kidogo kidogo kadiri makusanyo na mikopo inavyoingia, na mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30 kile ambacho hakikutolewa hakidaiwi na mradi.

Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, ni jambo jingine. Liliundwa mwaka 1962, na mwaka 1990 sheria mpya ililikabidhi pia majumba yaliyokuwa chini ya Msajili wa Majumba. Shirika hili halijengi kwa ruzuku. Linajenga kwa kodi za wapangaji wake, mauzo ya nyumba, malipo ya awali ya wanunuzi na mikopo ya benki za biashara. Nyumba 303 za Iyumbu na 101 za Chamwino, awamu ya kwanza ya mpango wa nyumba 1,000 za Dodoma, zimo katika utaratibu huo. Mpango mwingine wa nyumba 5,000, unaojulikana kama Samia Housing Scheme, ulitengewa asilimia 20 ya nyumba zake kwa Dodoma.

Watumishi Housing Investments, WHI, ina mtaji wa mifuko ya hifadhi ya jamii, mfuko wa bima ya afya na NHC. Nyumba zake za Njedengo zilijengwa kwa fedha hiyo. Kwa hiyo mtumishi anayenunua pale analipa kwa taasisi ambayo makato yake mwenyewe ya pensheni ni sehemu ya mtaji wake.

Kwa nini nyumba inayoitwa ya bei nafuu inamshinda mtumishi wa kawaida?

Watu hulaumu saruji, nondo na mkandarasi. Hivyo vina mchango, lakini kinachoamua zaidi ni umri wa fedha iliyojenga nyumba: itarudishwa kwa miaka mingapi na kwa riba gani. Hilo likieleweka, nusu ya maswali ya ukurasa huu yamejibika.

Chukua nyumba moja iliyogharimu shilingi milioni 50, ardhi na miundombinu ndani. Ikijengwa kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 15 unaolipwa kwa miaka 10, rejesho ni takribani shilingi 806,700 kwa mwezi. Nyumba hiyohiyo, tofali lilelile, ikijengwa kwa mkopo nafuu wa asilimia 3 wa miaka 30, rejesho ni takribani shilingi 210,800. Ongeza matengenezo, ambayo ni busara kuyatengea asilimia 1 ya gharama kwa mwaka, yaani kama shilingi 41,700 kwa mwezi. Nyumba ya kwanza haiwezi kupangishwa chini ya shilingi 848,000 bila mtu kupata hasara. Ya pili inaweza kupangishwa kwa shilingi 253,000.

Mbunifu awe hodari namna gani, hawezi kupunguza gharama za ujenzi hadi zifidie pengo hilo. Anaweza kuondoa vigae vya sakafu, kupunguza ukubwa wa sebule, kutumia tofali za kufungamana, akaokoa labda asilimia 10 au 15. Pengo la riba na muda ni karibu mara nne.

Ndiyo maana hatukubaliani na anayesema serikali isikope kabisa kwa ajili ya nyumba. Nyumba inaishi miaka 50 na zaidi. Kuilipia kwa kodi za mwaka mmoja ni kumbebesha mlipakodi wa leo mzigo wote, na kuilipia kwa mkopo wa miaka 7 ni kumfukuza mpangaji. Fedha ya nyumba inatakiwa iwe ndefu. Shida ya mkopo nafuu wa nje ni sarafu: kodi ya pango inalipwa kwa shilingi, deni linalipwa kwa dola. Shilingi ikishuka kwa asilimia 5 kila mwaka kwa mfululizo, ile asilimia 3 inakaribia kuwa 8. Bado ni chini ya 15, ila lazima kuwe na mtu aliyeandikwa kuwa ndiye anayebeba hatari hiyo. Hazina ikiibeba, ni ruzuku, na iandikwe kwenye vitabu kama ruzuku. Shirika likiibeba bila kujiandaa, kodi ya pango itapandishwa ghafla au matengenezo yataachwa.

Mshahara wa shilingi 1,200,000 unaweza kukopa nyumba ya kiasi gani?

Twende na mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa 1,200,000. Pensheni asilimia 5 ni 60,000. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 1,140,000, na kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 170,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 36,000. Kama bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ni 180,000. Jumla 446,000, na hapo hatujagusa chama cha wafanyakazi wala saccos.

Theluthi moja ya mshahara lazima ibaki, kwa hiyo makato yote yasizidi 800,000. Nafasi iliyobaki kwa mkopo wa nyumba ni 354,000. Akiwa hana deni la Bodi, nafasi inafika 534,000.

Kwa riba ya asilimia 15 na miaka 15, kila milioni moja ya mkopo inalipiwa takribani shilingi 14,000 kwa mwezi. Basi 354,000 inabeba mkopo wa milioni 25.3, na 534,000 inabeba milioni 38.2. Nyumba ya milioni 60 yenye malipo ya awali ya asilimia 10 inahitaji mkopo wa milioni 54, ambao rejesho lake ni karibu 755,800. Haimo.

Afisa mikopo atakushauri kurefusha hadi miaka 20. Rejesho linashuka hadi 711,000 tu, lakini jumla utakayolipa inapanda kutoka milioni 136 hadi karibu milioni 170.7. Kwa riba kubwa, kurefusha muda hakusaidii sana. Kinachosaidia ni riba yenyewe: mkopo huohuo wa milioni 54 kwa miaka 15 ukiwa na asilimia 10 ni 580,300 kwa mwezi, na ukiwa na asilimia 18 ni 869,600. Asilimia tatu kutoka 15 kwenda 18 ni zaidi ya laki moja na kumi kila mwezi. Ukienda benki, jadili riba na ada kabla ya kuvutiwa na picha ya jiko.

Deni la serikali linaingiaje kwenye riba ya mkopo wangu wa nyumba?

Kupitia mnada wa Benki Kuu, ambako serikali huuza hatifungani zake. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Benki yenye amana inaweza kuikopesha serikali kwa riba hiyo, ikalala usingizi, au ikakukopesha wewe kwa miaka 15, ikahangaika na uthamini, usajili wa rehani, bima, na siku ukishindwa kulipa ihangaike na dalali wa mahakama. Haiwezi kukutoza chini ya kile inachopata kwa serikali. Serikali ikikopa sana ndani, riba ya hatifungani inakuwa sakafu, na mikopo ya nyumba inajengwa juu ya sakafu hiyo.

Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa hadi asilimia 12.56 na za miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10. Mikopo ya nyumba haikushuka kwa kasi hiyohiyo, kwa sababu amana nyingi za benki zetu ni za muda mfupi. Mwenye akaunti anaweza kuitoa kesho, wakati mkopo wa nyumba unarudi baada ya miaka 15. Kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010, ipo kwa ajili ya ugonjwa huu: inauza hatifungani zake, kisha inazikopesha benki fedha ndefu ili nazo zikopeshe wanunuzi. Ni chombo kizuri, ila nacho kinauza hatifungani zake katika soko lilelile ambalo serikali inauza za kwake.

Kabla ya hapo nchi ilikuwa na benki maalumu ya nyumba, Tanzania Housing Bank, iliyoanguka mwaka 1995. Kwa miaka mingi baadaye mtu alijenga kwa mfuko wake, tofali kwa tofali. Ukipita Nkuhungu au Swaswa na kuona misingi iliyoota majani, humo mna fedha nyingi zilizolala bila riba.

Nikinunua hatifungani ya serikali, ninajenga nyumba?

Si moja kwa moja. Fedha ya hatifungani za kawaida huingia Mfuko Mkuu na haina jina la mradi. Sehemu yake hulipa hatifungani za zamani zilizoiva.

Kama unataka kununua kwa faida yako mwenyewe, utaratibu si mgumu. Nenda benki ya biashara au kwa dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa, fungua akaunti ya dhamana inayotunzwa Benki Kuu. Utaombwa kitambulisho cha taifa, picha na namba ya akaunti ya benki itakayopokea riba. Kiwango cha chini cha hatifungani ni shilingi 1,000,000, kisha unapanda kwa 100,000. Dhamana za muda mfupi, za siku 35, 91, 182 na 364, zinaanzia 500,000. Mnada hufanyika Jumatano, kwa hiyo wakala wako anataka fomu na fedha kabla ya hapo. Ukifika Jumatano mchana umeshachelewa.

Mwenye kiasi kidogo aombe bila kutaja bei. Atapata kwa bei ya wastani ya waliofaulu. Anayetaja bei bila uzoefu mara nyingi huweka juu na kulipa zaidi, au huweka chini na kukosa kabisa.

Riba hulipwa kila miezi sita. Milioni moja kwenye hatifungani ya asilimia 15.95 huleta 79,750 kila nusu mwaka. Kinachowaumiza wastaafu ni kuuza kabla ya muda. Ukiwa na hatifungani ndefu ya asilimia 12.56 na soko likawa linataka 15, mnunuzi atakupa karibu shilingi 84 kwa kila 100. Hujaibiwa, ndivyo hesabu ilivyo. Fedha ya ada ya shule ya mwakani isiwekwe kwenye karatasi ya miaka 25.

Mifuko ya pensheni imekwama wapi kwenye mambo haya?

Dodoma inalijua jibu kuliko mji mwingine, kwa sababu Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kilijengwa kwa fedha za mifuko ya pensheni kwa ahadi kwamba serikali italipa. Marejesho yalichelewa, na ripoti za Mkaguzi Mkuu zililitaja jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Lilikuwapo pia deni la michango ya watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999, ambao hawakuwa wakichangiwa. Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kulipa sehemu ya deni hilo.

Watu waliona deni la serikali limepanda wakalalamika. Ukweli ni kwamba deni lilikuwapo siku zote, ila halikuwa limeandikwa kwenye daftari linalosomwa bungeni. Tunapendelea deni lililoandikwa, lenye tarehe ya riba na tarehe ya kuiva, kuliko ahadi.

Mifuko ndiyo yenye fedha ndefu kuliko taasisi yoyote nchini, kwa hiyo kuihusisha na nyumba ni jambo la akili. Sharti lake ni kwamba nyumba irudishe fedha. Mchango wa mwalimu wa Kondoa haupaswi kuwa ruzuku ya nyumba ya mtu mwingine bila yeye kuulizwa.

Kwa nini mradi husimama katikati?

Sababu ya kawaida ni hati ya malipo isiyolipwa. Mkandarasi akimaliza hatua fulani, mshauri anapima na kutoa hati. Mkataba hutaja siku za kulipa, mara nyingi 28. Zikipita, riba ya ucheleweshaji inaanza. Mkandarasi aliyekopa benki kwa asilimia 18 na anadai milioni 400 anapoteza milioni 6 kila mwezi. Baada ya miezi sita ni milioni 36, na faida yake imekwisha. Anapunguza vibarua, anahamisha mtambo, kisha anaandika barua ya kusitisha kazi. Katika zabuni inayofuata anaongeza bei kufidia ucheleweshaji anaoutarajia, na nyumba inapanda bei kabla msingi haujachimbwa.

Dodoma kuna gharama nyingine. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Aprili. Kuta zilizoachwa kwenye lenta bila paa mwezi Novemba hunyonya maji msimu mzima, na nondo zilizoachwa wazi hupata kutu. Kwenye maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, msingi uliofunguliwa na kuachwa huvimba na kusinyaa. Mkandarasi anaporudi, kazi ya kwanza ni kubomoa alichojenga. Fedha ikitoka Aprili au Mei, ujenzi unapata kiangazi kizima. Ikitoka Novemba, sehemu yake inaliwa na mvua.

Miradi ya NHC ya Kawe na Morocco jijini Dar es Salaam ilisimama kwa miaka kadhaa kwa sababu iliyo ndugu na hii: fedha ya kuendelea haikupatikana, huku riba ya iliyokwisha kutumika ikiendelea kuhesabiwa. Shirika la umma haliwezi kukopa zaidi bila kibali cha serikali, na kibali kina mantiki yake, kwani shirika likishindwa mzigo unaweza kuangukia Hazina. Lakini kuruhusu mradi uanze na kisha kuuzuia usimalizike ni hasara kwa pande zote. Kibali kitolewe kwa gharama ya mradi mzima, au mradi usianze.

Fidia ya ardhi ni sehemu ya deni?

Kwa mwenye shamba, ndiyo. Kwenye takwimu za deni la serikali, mara nyingi hapana. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipima na kutwaa ardhi tangu 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri, na migogoro ilirithiwa pamoja na ramani. Ukithaminiwa, hakikisha una nakala ya fomu yenye sahihi yako, orodha ya mazao na majengo, na tarehe. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa ina riba, na ikipita miaka miwili uthamini urudiwe. Wengi hawadai riba hiyo kwa sababu hawana karatasi.

Serikali iliuza nyumba zake. Kwa nini inajenga tena?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi, zikiwamo zilizokuwa kwenye viwanja vizuri kabisa. Hoja ilikuwa kupunguza gharama za matengenezo. Matokeo yake ni kwamba serikali ilipohamia Dodoma kwa nguvu kuanzia 2016, haikuwa na akiba ya nyumba ya kutosha, na watumishi wakaingia sokoni kupanga. Kodi za Area C, Kisasa na Ilazo zilipanda. Tunaamini nyumba iliyo karibu na kituo cha kazi ibaki ya kupangisha, na za kuuza ziwe nyingine.

Jiji la Dodoma linaweza kuuza hatifungani yake?

Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaruhusu halmashauri kukopa kwa idhini ya waziri. Mfano wa karibu ni Mamlaka ya Maji Tanga, ambayo Februari 2024 ilianza kuuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 ikitafuta shilingi bilioni 53.12, na wanunuzi walizidi kiasi hicho. Ilifaulu kwa sababu kuna ankara za maji kila mwezi.

Dodoma ingeweza kufanya hivyo kwa kupima na kuuza viwanja, kazi ambayo imelipatia jiji mapato makubwa. Tahadhari ni kwamba kiwanja huuzwa mara moja. Mwaka mauzo yakishuka, riba bado inadaiwa. Hatifungani ya jiji ingefaa zaidi kwa maji, barabara na umeme wa eneo la nyumba, ikilipwa kwa mapato yanayojirudia, kuliko kwa nyumba zenyewe. Nyumba nzuri isiyo na bomba la maji hubaki tupu, na nyumba tupu hailipi deni.

Kodi ya majengo ninayokatwa kwenye LUKU inajenga nyumba?

Hapana. Ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Haina mfuko wa nyumba. Mpangaji, umekatwa wewe anayenunua umeme, lakini mwenye deni ni mwenye nyumba. Kubaliana naye akupunguzie kwenye kodi ya pango.

Niulize nini kabla ya kulipia nyumba ya taasisi ya umma?

Uliza kama bei iliyotangazwa ina VAT ya asilimia 18 ndani yake. Tofauti kwenye milioni 60 ni milioni 10.8. Uliza kama kiwanja kina rehani ya benki iliyomkopesha mjenzi, na utafute taarifa hiyo kwa Msajili wa Hati mwenyewe badala ya kuridhika na maneno ya ofisi ya mauzo. Kama ni ghorofa, hati yako itakuwa ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008, kwa hiyo soma ada ya kila mwezi ya ulinzi, lifti na usafi, na nani ana haki ya kuipandisha. Tenga asilimia 1 ya bei kwa ajili ya ushuru wa stempu, pamoja na ada za usajili, uthamini na bima ya mkopo.

Malipo ya awali yaingie akaunti ya taasisi kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe yasipitie simu ya mtu. Mkataba utaje tarehe ya kukabidhi na nini kitatokea ikipita. Na kabla ya kusaini, nenda eneo lenyewe baada ya mvua kubwa, uone maji yanaelekea wapi na kama bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, limefika kwenye nyumba au limeishia barabarani.